WebAssembly na JavaScript ndani ya kivinjari: tathmini kutoka Wandegeya

Duka moja la picha hapa Wandegeya, Kampala, liliniomba nilitengenezee ukurasa wa wavuti unaopunguza ukubwa wa picha za wanafunzi ndani ya kivinjari chenyewe, ili mteja asimalize bando lake kwa kutuma picha kubwa kwenye seva. Kazi hiyo niliiandika mara mbili, kwanza kwa JavaScript, lugha ya programu ambayo vivinjari huielewa moja kwa moja, kisha kwa lugha ya Rust iliyogeuzwa kuwa baitikodi ya WebAssembly, yaani maagizo yaliyofupishwa na kuandaliwa mapema ili kivinjari kiyaendeshe, na zote mbili nimezijaribu kwenye simu za bei nafuu ambazo wateja wengi huja nazo.

JavaScript haistahili kudharauliwa. Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, kwa ajili ya kazi ndogondogo za ukurasa, lakini injini za leo, yaani sehemu ya kivinjari inayoendesha JavaScript, huifuatilia programu inapoendeshwa na kuzigeuza sehemu zinazorudiwarudiwa kuwa msimbo wa mashine, yaani maagizo ambayo kichakataji huyatekeleza moja kwa moja. Udhaifu wake ni kwamba injini hukisia aina za data, na pale makisio yanapokosewa, msimbo ulioboreshwa hutupwa na kazi huanza upya. Ndiyo sababu picha ya kwanza ilichelewa, zilizofuata zikaenda kasi, na mara mojamoja ukurasa ukasita injini ilipokuwa ikisafisha kumbukumbu.

WebAssembly, iliyoingia katika vivinjari vikuu mwaka 2017 na kuwa kiwango rasmi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mnamo Desemba 2019, haihitaji makisio hayo, kwa kuwa aina za namba zimekwisha kutajwa ndani ya faili, na kivinjari huweza kulitafsiri faili hilo hata kabla halijamaliza kupakuliwa. Ikilinganishwa na JavaScript iliyokwisha kushika kasi, tofauti si kubwa kama wengi wanavyodai. Nilichokithamini zaidi ni uthabiti: picha ya kwanza na ya mwisho huchukua muda unaokaribiana, na kwa mhudumu mwenye foleni ya wazazi msimu wa kufungua shule, jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko kasi ya juu inayopatikana mara chache.

Hata hivyo, baitikodi hii haiwezi kuugusa ukurasa moja kwa moja. Lazima ipitie JavaScript, na picha yenyewe hunakiliwa kwanza kwenye kumbukumbu yake. Toleo langu la awali lilivuka mpaka huo kwa kila nukta ya picha, likawa zito kuliko lile la JavaScript. Nilipoipeleka picha nzima kwa mkupuo mmoja, ndipo faida ilipoonekana. Ukubwa wa faili nao usipuuzwe, maana maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) zikizidi, bando tulilokusudia kuliokoa huishia hapohapo. Nimezipunguza maktaba hizo na kulihifadhi faili kwenye simu ili lipakuliwe mara moja tu.

Kwa kuchakata picha, sasa natumia WebAssembly. Fomu ya kujaza majina ya wanafunzi imebaki kwenye JavaScript, na sioni sababu ya kuihamisha.