Santuri ya Diaspora Yeshiva Band, na yule kijana aliyenielekeza kwenye rege

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa shingo upande, kwa heshima ya jalada.

Juzijuzi niliingia duka moja la santuri za mtumba hapa New Jersey ninakoishi. Jina lake silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nimepekua makasha karibu saa nzima, vumbi limeingia mpaka puani, ghafla naikuta: Diaspora Yeshiva Band! Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao kwenye treni ya ugenini. Nikaipeleka kaunta.

Kijana wa kaunta akaitazama santuri, akanitazama mimi, akarudi kuitazama santuri. "Una uhakika, kaka? Hii ni miziki ya Kiyahudi. Rege iko kule nyuma." Na kidole akaninyooshea.

Nani kamuuliza habari za rege? Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na dansi na taarabu. Rege naipenda, lakini siku hiyo sikuifuata. Na kinachoniwasha zaidi ni hiki: hao anaonielekeza, wimbo mmoja baada ya mwingine wanaililia Sayuni. Hawa niliowashika mkononi walikuwa wanasoma Mlima Sayuni penyewe, Yerusalemu, na kupiga muziki wao palepale! Angegeuza jalada angejua. Hakugeuza.

Basi kwa faida yake: walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Torati, wengi wao vijana waliotoka Marekani wakiwa wameshaonja roki, wakaenda kuitafuta dini ya babu zao. Bendi wakaiunda 1975. Avraham Rosenblum kwenye gitaa, Ben Zion Solomon fidla na banjo, Simcha Abramson saksafoni na klarineti, Ruby Harris fidla na mandolini, Adam Wexler besi, Gedalia Goldstein dramu. Maneno ni Zaburi na sala, kwa Kiebrania, lakini chini yake kuna roki, na kuna kantri ile ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Ukisimuliwa unaweza kudhani ni fujo. Sikiliza kwanza.

Sabato walikuwa hawagusi chombo. Walisubiri Jumamosi jioni, nyota zikitoka ndipo walichomeka nyaya, jirani kabisa na Kaburi la Mfalme Daudi, watu wakila chakula cha kumsindikiza malkia Sabato anayeondoka. Daudi mwenyewe alikuwa mpiga kinubi, kwa hiyo sidhani kama alilalamikia kelele. Mwaka 1977 wakashinda Tamasha la Nyimbo za Kihasidi, yaani za Wayahudi wa dhehebu la Wahasidi, 1978 wakarudia. Kufika 1983 bendi imesambaratika. Watoto wa Ben Zion Solomon wakaja kushika vyombo: wawili waliingia Moshav, bendi ya marafiki waliokua pamoja kijiji kimoja, mwingine akaingia bendi ya Soulfarm.

Nimefika nyumbani, nimeosha mikono, nimeweka sindano. Upande wa kwanza unaanza vizuri, gitaa linaingia, sauti zinapanda, fidla inakuja... ti-ri-ri. Ti-ri-ri. Ti-ri-ri. Imenasa. Nimeinamisha santuri chini ya taa, nikauona mkwaruzo mwembamba kama wa ukucha wa paka, umekata njia palepale fidla inapotaka kuruka. Nikaweka sarafu juu ya mkono wa sindano, ujanja wa marehemu baba. Wapi! Mke wangu kutoka jikoni: "Baba Asha, huyo mtu amekwama, msaidie!"

Kesho yake nikairudisha. Yule yule kijana. Sikutaka ugomvi, nikamwambia tu inanasa, anibadilishie au anirudishie hela. Akasema mali ya mtumba haina marejesho. Hilo ningelimeza, mtumba ni mtumba. Lakini akaongeza, anatabasamu: "Si nilikuambia?"

Uliniambia nini? Uliniambia ina mkwaruzo? Uliniambia rege! Nilitoka pale natetemeka, na nyota yangu ile moja nikataka kuifuta.

Usiku, hasira haijaisha, nikageuza upande wa pili ili nipate la kuongezea kwenye malalamiko. Safi. Hauna hata chembe. Klarineti inaanza kama mtu anayelia msibani halafu katikati ya kilio anakumbuka kichekesho, na nyuma yake banjo inakimbia kama haijui kuna msiba. Nimeurudia mara nne. Asha, ambaye huwa hasikilizi chochote changu, alikuja kusimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Kwa hiyo nyota tatu? Upande ule wa pili peke yake ni tano, nasema kweli. Nikimkumbuka yule na tabasamu lake zinashuka. Andikeni mbili. La, bakini na ile moja, duka halistahili zaidi. Bendi ina haki yake na nitaidai kwingine.

Ila msikimbilie kwenda kunitangulia. Siku ile ya kurudisha, kabla sijatoka, niliona santuri yao nyingine kwenye kasha lilelile, na nimeitazama: haina mkwaruzo. Mshahara bado. Nimeichomeka kule nyuma, kwenye rafu ya rege.