Chujio la vumbi au mtego wa zenoni: kipi kinanasa jaribio la nyuklia la chini ya ardhi?

Kwa jaribio lililofukiwa vizuri, zenoni, gesi yenye mionzi inayotokana na mlipuko wa nyuklia, ndiyo tegemeo. Gesi hii haiungani na mwamba, hivyo hupenya kwenye nyufa, ilhali chembe zenye mionzi kama bariamu-140, zile ambazo chujio hunasa, hubaki humo ndani. Mwaka 2013 kituo cha Takasaki, Japani, kiliinasa takriban siku 55 baada ya jaribio la Korea Kaskazini.

Lakini mtambo wa kunasa zenoni ni mgumu kuutunza. Hewa huondolewa unyevu, kaboni dioksidi na radoni (gesi ya asili yenye mionzi itokayo ardhini), kisha zenoni hunaswa kwenye mkaa maalumu na kutolewa kwa joto. Radoni ikipenya, kipimo kinachafuka. Tena viwanda vya isotopu (aina za elementi moja zenye uzito tofauti wa atomi) za hospitali hutoa zenoni-133 ile ile itokayo kwenye mlipuko, kwa hiyo angalia uwiano wa isotopu, si kiwango pekee.

Chujio ni rahisi zaidi: saa 24 kunyonya hewa, angalau mita za ujazo 500 kwa saa, saa 24 kutulia ili mazao ya radoni yafifie, saa 24 kupimwa kwenye kigunduzi cha mionzi cha gerimani, ambacho lazima kipozwe muda wote. Mlipuko ukipasua ardhi, chembe zake hueleza mengi kuliko gesi.

Mwenye mafundi wachache na umeme wa kusuasua aanze na chujio. Aliye upande unakoelekea upepo kutoka eneo la majaribio hana budi kuwa na zenoni.