Mafuta ya yaa: zawadi ya Februari 14 ya kujinunulia mwenyewe

Ikikaribia Siku ya Wapendanao maduka ya Kampala huvaa nyekundu, na waridi zinazolimwa hapa hapa, kando ya Ziwa Victoria, huuzwa kana kwamba zimetoka ng'ambo. Anayejinunulia zawadi mwenyewe ana chaguo lenye faida zaidi: kopo la mafuta ya shea kutoka kaskazini, yale ambayo Waacholi huyaita moo yaa. Kwa ngozi iliyokaushwa na kiangazi tunayapa alama tisa kwa kumi. Kwa uso wenye chunusi, yaache dukani.

Shea ya Uganda si sawa na ile ya Ghana au Burkina Faso, ingawa lebo nyingi hazitofautishi. Mti wa huku ni wa jamii ndogo ya nilotica, na mafuta yake yana oleini nyingi zaidi, yaani ile sehemu ya mafuta iliyo ya majimaji. Ndiyo maana ni laini: kidole huzama bila kukwangua, wakati yale ya Afrika Magharibi lazima kwanza uyasugue kiganjani. Ila ulaini huo una gharama yake. Joto la Februari kule Gulu hupita nyuzi 30, na kopo lililosafiri kwa basi mchana hufika likiwa maji matupu. Likipoa polepole, sehemu ngumu ya mafuta hutangulia kuganda na kuacha chembechembe kama mchanga. Hayajaharibika. Liweke kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya sigiri moja kwa moja, mafuta yayeyuke yote, kisha friji kwa saa moja.

Unaponunua, fungua kifuniko unuse. Harufu ya moshi kidogo ni ya kawaida, maana mbegu hukaangwa kabla ya kusagwa. Harufu ya karanga zilizochacha ndiyo ya kukimbia. Matunda huokotwa katikati ya mwaka, kwa hiyo kopo la Februari limetokana na mbegu za mwaka uliopita. Muulize muuzaji yalikamuliwa lini, si yametoka wapi tu. Rangi iwe ya krimu au njano iliyofifia. Meupe kabisa yasiyo na harufu yamesafishwa kiwandani, si ya bandia. Yakibaki juu ya ngozi yakiteleza hata baada ya nusu saa, na umepaka kidogo tu, shuku kuwa yamechanganywa na vaselini.

Kazi yanayoifanya vizuri kuliko yote ni magaga. Jioni ya tarehe 14, simu ikiwa imezimwa (picha za mashada ya wenzako zitakungoja), loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Sugua visigino kwa jiwe, taratibu, bila kufika kwenye ngozi inayouma. Futa maji, ila usikaushe kabisa: shea haileti maji, inayafungia tu yaliyomo, na anayepaka kwenye kisigino kikavu hufungia ukavu. Nusu kijiko cha chai chatosha miguu yote miwili. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Katikati ya vidole pabaki pakavu, maana unyevu uliofungiwa pale hualika fangasi. Ufa mmoja hauzibiki usiku mmoja. Rudia kila usiku kwa wiki mbili hivi. Mwenye kisukari asiloweke miguu wala asitumie jiwe, apake tu.

Kwenye nywele, paka nchani, si kwenye ngozi ya kichwa yenye mba, kwa kuwa kijidudu cha mba hula mafuta. Mwili mzima baada ya kuoga huhitaji kijiko kimoja cha chai. Wengi hupaka vitatu, kisha hulaumu bidhaa kwa kuchafua shuka. Na huwezi kuyategemea kama kinga ya jua.

Jambo ambalo hatujaona limeandikwa kwenye kopo lolote: mafuta haya hudhoofisha mpira wa kondomu. Kama jioni ya mtu mmoja itabadilika ghafla ikawa ya watu wawili, nawa mikono kwa sabuni kwanza, na kopo likae mbali na kitanda.