Nairobi Expressway: tathmini ya mradi wa mwaka wa mwisho wa Uhuru Kenyatta

Kwa msafiri anayetoka Westlands kuwahi ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi Expressway ni huduma inayostahili kulipiwa, na ninalisema hili mapema ili yatakayofuata yasichukuliwe kuwa chuki dhidi ya maendeleo. Barabara hii yenye urefu wa kilomita 27, inayoanzia Mlolongo na kuishia James Gichuru, ina kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo dereva anayetii sheria huimaliza yote kwa takriban dakika ishirini. Mombasa Road iliyo chini yake, nyakati za msongamano, humshikilia dereva huyo huyo kwa saa nzima, na mvua ikinyesha hata zaidi. Lami ni laini, alama zinasomeka, na sehemu iliyoinuliwa juu ya Uhuru Highway humwonyesha mtu jiji ambalo wengi wetu tulizoea kulitazama kupitia kioo cha matatu iliyokwama.

Hata hivyo, haitoshi kuipima barabara hii kwa dakika inazookoa peke yake, kwa kuwa ilijengwa pia kuwa ushahidi wa kazi ya kiongozi aliyekuwa akielekea mlangoni. Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wake tarehe 16 Oktoba 2019. Magari yakaruhusiwa kuitumia kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022. Naye akaifungua rasmi tarehe 31 Julai 2022, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu na wiki sita kabla ya kumkabidhi William Ruto madaraka. Mpangilio huo wa tarehe haukuwa mgeni kwa Wakenya, kwa sababu hata treni ya Madaraka Express, ya kati ya Mombasa na Nairobi, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, wakati kampeni za Agosti mwaka huo zikipamba moto.

Jambo la kushangaza ni kwamba barabara haikuwa miongoni mwa mambo ambayo Rais huyo aliomba apimwe kwayo. Ajenda Nne Kuu, alizozitangaza mwishoni mwa 2017 kuwa dira ya muhula wake wa pili, zilikuwa usalama wa chakula, makazi nafuu, viwanda na afya kwa wote. Nyumba zilizoahidiwa zilikuwa 500,000, na zilizokamilika kufikia siku ya makabidhiano zilikuwa mbali sana na idadi hiyo. Mpango wa afya kwa wote ulianza kwa majaribio Desemba 2018 katika kaunti nne, yaani Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, lakini haukuenea nchini kwa kasi iliyotarajiwa. Juhudi nyingi za kisiasa za miaka ya mwisho zilielekezwa kwenye marekebisho ya katiba ya BBI (Building Bridges Initiative), ambayo Mahakama ya Juu iliyazima tarehe 31 Machi 2022, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya magari ya kwanza kupanda barabara mpya.

Kwa nini basi hii ikamilike na zile zikwame? Maoni yangu ni kwamba mwaka wa mwisho wa uongozi hauchagui kilichoahidiwa, bali huchagua kinachoweza kukatiwa utepe. Hospitali inayofanya kazi huhitaji kaunti zishirikiane na serikali kuu, wahudumu waajiriwe na bima ilipe kwa wakati. Makazi yanahitaji ardhi isiyo na kesi na mikopo ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuimudu. Barabara hii ilihitaji zaidi mkandarasi mwenye mtaji wake na serikali iliyo tayari kumpisha njia, na vyote viwili vilikuwapo.

Mkandarasi huyo ni China Road and Bridge Corporation, iliyojenga chini ya mkataba wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Kampuni ya Moja Expressway ndiyo inayoiendesha, na haki ya kukusanya ada itadumu kwa miaka 27 kabla ya barabara kurudi mikononi mwa serikali. Mtindo huo una mantiki yake ukikumbuka hali ya hazina. Deni la taifa, lililokuwa karibu shilingi trilioni 1.9 Uhuru alipoingia Ikulu mwaka 2013, lilikuwa limefikia takriban trilioni 8.6 kufikia katikati ya 2022, na mkopo mwingine wa wazi kwa ajili ya barabara ya jiji moja ungekuwa mgumu kuutetea mbele ya umma. Ubia ulimwezesha kujenga bila kuandika gharama yote katika daftari la madeni. Gharama yenyewe haikutoweka. Ilihamia kwenye vibanda vya kulipia, ambako itaendelea kudaiwa wakati marais wengine kadhaa watakuwa wameapishwa na kustaafu.

Hapo ndipo tathmini ya mtumiaji inapoanza kuwa kali. Ada hutegemea ukubwa wa gari na umbali, na viwango vyake vimefungamanishwa na thamani ya dola. Gari dogo lililokuwa likilipa shilingi 360 kutoka Mlolongo hadi Westlands lilianza kulipa shilingi 500 tarehe 1 Januari 2024, baada ya shilingi ya Kenya kudhoofika. Anayekwenda na kurudi kila siku ya kazi kwa safari nzima hulipa shilingi 1,000 kwa siku kabla hajanunua petroli, nao mshahara wake haujafungamanishwa na dola. Mwajiriwa wa kawaida hawezi kuifanya kuwa njia yake ya kila siku. Ataitumia siku ya dharura, siku ya mahojiano ya kazi, au siku ambayo mtu mwingine analipa.

Katika uendeshaji, huduma ni ya kuridhisha. Vituo vya kuingilia na kutokea vimewekwa mahali penye maana, kwa mfano Syokimau karibu na stesheni ya SGR (reli ya kisasa), uwanja wa ndege, Capital Centre, Haile Selassie na Museum Hill. Mwenye kifaa cha kielektroniki cha kulipia ada hupita haraka kuliko anayehesabu noti dirishani, na kwa mtumiaji wa mara kwa mara ningependekeza akipate bila kusita. Udhaifu mkubwa uko mwishoni mwa safari: anayeshuka Westlands asubuhi hujiunga na foleni ile ile aliyoilipia ili kuikwepa, kwa kuwa barabara za kupokea magari hayo hazikupanuliwa kwa kiwango sawa.

Bodaboda, tuktuk, baiskeli na watembea kwa miguu hawaruhusiwi kupanda juu. Sheria hiyo ina sababu nzuri ya usalama, lakini maana yake ni kwamba mradi uliopewa kipaumbele katika jiji hili haukuwalenga kabisa watu wanaotembea kwenda viwandani, ambao walivumilia vumbi na njia za kuvukia zilizokuwa zikihamishwa muda wote wa ujenzi. (Mti mkubwa wa mugumo pale Waiyaki Way uliokolewa mwaka 2020 baada ya umma kupaza sauti, jambo linaloonyesha kwamba ramani hubadilishwa pakiwa na nia.)

Kwa jumla, ningeipa barabara yenyewe alama za juu, na uamuzi wa kuitanguliza alama za wastani. Uhuru aliacha kitu kinachoonekana na kinachofanya kazi, na si kila kiongozi anayeondoka anaweza kusema hivyo. Ila wanaonufaika nacho zaidi ni wale ambao Ajenda Nne Kuu hazikuandikwa kwa ajili yao.

Serikali iliyomfuata, iliyoingia kwa kuukosoa utawala wake, imeupokea mtindo huo huo. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopitia Nakuru, ambao Ruto aliuzindua mwishoni mwa 2025, nao utagharimiwa kwa ada ya watumiaji. Jijini Nairobi, asiye na shilingi 500 bado ana Mombasa Road ya bure chini ya nguzo. Kuelekea Nakuru, barabara inayopanuliwa na kutozwa ndiyo ile ile ambayo wasafiri wa bonde la ufa na magharibi wamekuwa wakiitumia siku zote bila malipo, na serikali bado haijawashawishi wengi wao kwamba njia mbadala zinazotajwa zinaweza kubeba magari yatakayoikwepa.