Pitisha pamba kwenye pete kabla hujalipia fimbo ya kuvulia

Mwezi wa nne nilipoteza kambale watatu kwenye bwawa la Hombolo, karibu na Dodoma, asubuhi moja. Wa tatu nilimwona kwa macho: alijigeuza juu ya maji, mgongo mweusi, kichwa kipana kama sahani ya chai, halafu fimbo ikanyooka yenyewe na mshipi ukarudi mwepesi. Nikalaumu visiki. Nikalaumu magugu. Pembeni kulikuwa na mzee anashona nyavu zake chini ya mti, akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete huo mshipi, nione ulipokatikia."

Akaupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, polepole, kuanzia juu kuja ncha. Kipande cha mwisho, urefu wa mkono hivi, kilikuwa kimeota manyoya kama uzi wa katani. Akanirudishia. "Huyu si samaki aliyekukata. Kaangalie fimbo yako."

Nilipofika nyumbani nikachukua pamba ya duka la dawa, nikaisokota, nikaivuta ndani ya kila pete ya ile fimbo, yaani vile viduara ambamo mshipi unapita. Pete za chini ilipita safi. Kwenye pete ya nchani ikanasa na kuacha nyuzi. Nikamulika kwa tochi ya simu: ile kauri ya ndani ilikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele. Kila nilipovuta samaki, mshipi ulikuwa unapita juu ya wembe. Fimbo hiyo niliinunua shilingi 95,000 hapa mjini, wiki tatu kabla, na dukani nilikuwa nimeuliza kila kitu isipokuwa pete.

Ndiyo maana humu sitazungumzia urefu wa fimbo, wala ugumu wake, wala rangi. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Nitazungumzia pete, kwa sababu hakuna anayezitazama na ndizo zinazokula samaki wetu.

Pete nyingi za fimbo zina sehemu mbili: fremu ya chuma kwa nje, na duara la kauri lililobandikwa ndani. Kauri ni ngumu sana na laini kwa mshipi, lakini haipendi kugongwa. Fimbo inasafiri kutoka Dar kwenye buti la basi, juu yake kuna gunia la mchele na ndoo za rangi. Inashushwa, inarushwa kwenye bodaboda, inasimamishwa dukani karibu na mlango ambako kila mteja anaipiga kikumbo. Kauri inapata ufa au inachomoka kabisa. Ikichomoka utaona. Ikipata ufa huoni, utakuja kuiona samaki akishaondoka. Pete ya nchani ndiyo inayoumia zaidi, maana ndiyo inayogonga dari, ukuta na mlango wa gari.

Kipimo ni hicho cha pamba, na kipande cha soksi nyepesi za kike kinafaa pia. Vuta ukizungusha, uguse duara lote, usipitishe katikati tu. Kikinasa popote, weka fimbo chini. Halafu hesabu pete: fimbo ya futi saba ikiwa na pete nne tu, mshipi utakuwa unagusa mwili wa fimbo ikipinda. Kwa makadirio, kila futi moja pete moja, na ya nchani juu yake. Mwisho shika kila pete kwa vidole viwili uitikise. Isicheze hata kidogo.

Sasa fimbo zenyewe, na sitaficha ninayoipenda.

Ya kwanza kwangu ni Ugly Stik GX2 ya kampuni ya Shakespeare. Pete zake ni chuma cha pua kipande kimoja, hazina kauri ndani, kwa hiyo hakuna cha kupasuka wala kuchomoka. Basi. Hiyo sababu peke yake ingenitosha hata kama fimbo ingekuwa mbaya, na si mbaya. Mwili wake ni mchanganyiko wa grafaiti na faiba, na ncha yake ni faiba tupu isiyo na uwazi ndani, inapinda mpaka unaogopa halafu inarudi. Ni nzito kuliko fimbo za grafaiti tupu, na mtu mwenye mkono mwepesi atakwambia haisikii samaki akidonoa. Ni kweli. Lakini kambale wa Hombolo hadonoi, anabeba. Yangu ni ya vipande viwili, nimesafiri nayo kwenye treni ya SGR na kwenye basi la Iringa, na pamba bado inapita pete zote bila kunasa.

Ya pili ni fimbo yoyote ya Shimano au Daiwa yenye pete za kampuni ya Fuji, hasa zile za kauri ya silikoni kabaidi. Hapa nikubali jambo: kauri ya namna hiyo ni ngumu kuliko chuma cha pua, na kama unatumia mshipi wa kusuka, ambao unasugua chuma na baada ya muda unaweza kuchimba mfereji, basi pete za Fuji zinaizidi Ugly Stik yangu. Ila lazima uzipime moja moja na pamba, na uzipime tena kila ukitoka safari. Mimi sina uvumilivu huo wa kila safari.

Ya tatu ni ufito wa mwanzi. Sisemi kwa kujifariji. Kwa perege wa pembezoni mwa Hombolo, mwanzi mkavu ulionyooka, mshipi wa urefu wa fimbo, boya la kipande cha ndala na ndoana ndogo vinatosha kabisa, na hauna pete hata moja ya kukukata.

Zile fimbo za kukunja kama antena ya redio, za bei ya chini, ziache. Vumbi la Dodoma likiingia kwenye maungio hazifunguki tena.

Mshipi ni hadithi nyingine, na hapa ndipo wauzaji wetu wananikera zaidi. Nailoni inaharibiwa na jua. Inapoteza nguvu ikikaa kwenye mwanga mkali na joto, na haionyeshi, inabaki inang'aa. Sasa tazama maduka yetu: vigurudumu vya mshipi vimetundikwa dirishani, jua la saa nane linavichoma, wiki kwa wiki, kwa sababu vinapendeza pale. Kuna wengine wananunua gurudumu kubwa, wanagawa kwenye vigurudumu vidogo visivyo na maandishi, halafu ukiuliza uzito wake unaambiwa "huu mgumu, mama." Mgumu kiasi gani? Kilo ngapi? Hakuna jibu. Mimi mshipi usio na maandishi ya kilo na unene kwenye gurudumu lake siununui hata nikipewa kwa nusu bei, na ule wa dirishani nauliza kama upo mwingine ndani ya boksi.

Ninachotumia ni nailoni ya Berkley Trilene, ratili kumi na mbili, yaani kilo tano na nusu hivi. Kwa Hombolo inatosha. Kwa Mtera napanda mpaka ratili ishirini, kwa sababu bwawa lile lilipojaa lilimeza msitu, na miti iliyokufa bado imesimama majini. Samaki akishika njia ya kwenye visiki, wembamba haukusaidii. Muuzaji akikushawishi ununue mshipi wa florokaboni kwa sababu samaki hauoni, mwulize utaitumia wapi. Maji ya Hombolo yana tope la miaka, rangi ya chai ya maziwa. Samaki hauoni mshipi wowote mle. Unalipa mara mbili au tatu kwa kitu ambacho tope linakufanyia bure.

Kabla ya kufunga mshipi mpya, funga fundo, vuta kwa mikono iliyofungwa kitambaa. Ukikatika kwa urahisi, rudi dukani siku hiyo hiyo. Najua kuna kile kibao ukutani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nimekutana nacho niliporudisha ile fimbo yenye ufa. Kijana aliniambia nimeipasua mwenyewe, akanionyesha kibao, akaendelea na simu yake. Shilingi 95,000 ni hela. Mtu anauza kitu ambacho hajawahi kukikagua, kimepigwa njiani, halafu mzigo wa kuthibitisha anakubebesha wewe. Na bei yenyewe haina msimamo: fimbo ile ile, nembo ile ile, niliikuta duka la pili shilingi 60,000, na la tatu ikapanda mpaka 120,000 nilipomwambia muuzaji kuwa naishi mtaa wa Area D.

Kwenye chambo bandia nitakuwa mfupi, kwa sababu vingi vinavyouzwa hapa havikutengenezwa kwa samaki wetu. Vile vya plastiki laini vyenye umbo la mnyoo, na vile vidogo vyenye mdomo wa plastiki vinavyozama ukivuta, ni vya kuvulia samaki wa Marekani aitwaye bass, anayevizia na kumeza kwa mdomo mkubwa. Kenya wanaye Naivasha, alipelekwa huko enzi za wakoloni. Sisi samaki wetu ni wengine. Perege anakula mwani na vitu vidogo vidogo, hafukuzi chuma kinachong'aa. Mpe mnyoo au donge la ugali gumu. Kambale anatafuta kwa ndevu na harufu, na kwake utumbo wa kuku au kipande cha sabuni ya mche vinashinda duka zima la chambo bandia. Nimeona watu wanatoa elfu hamsini kwa boksi la vichezeo vya rangi ishirini kisha wanarudi na ndoo tupu.

Chambo bandia nunua kama unakwenda Mtera kutafuta samaki wa meno, yule mwenye meno yanayotokeza nje kama misumari. Hapo cha kwanza ni kijiko cha chuma, cha pili spina ya Mepps, maana jani lake linazunguka na kutetemesha maji, na kwenye tope mtetemo ndio unaosikika. Cha tatu ni kisamaki bandia cha Rapala, kizuri, ila badilisha zile ndoana zake za pembe tatu uweke nene zaidi za Mustad. Plastiki laini itarudi imekatwa nusu kwa nusu. Na mbele ya chambo funga waya mfupi wa chuma, la sivyo meno yatafanya kazi ile ile iliyofanywa na pete yangu. Usisogee ukingoni sana wakati wa kurusha. Mtera kuna mamba na viboko. Leseni ya uvuvi nayo ukate kabla, si baada ya kuulizwa.

Tangu mwezi wa nne natembea na pamba kwenye mkoba. Duka mbili zimenikataza kuipitisha, mmoja akasema naharibu mali. Nikatoka. Duka la tatu, karibu na Soko la Majengo, kijana aliponiona akauliza nafanya nini, nikamweleza. Akaenda mwenyewe duka la dawa la jirani, akarudi na pamba, tukapima fimbo zake tano pamoja. Mbili zikanasa, zote kwenye pete ya nchani. Akaziondoa ukutani akaziweka nyuma ya kaunta. Hakuwa na fimbo niliyoitaka, lakini mshipi wake ulikuwa ndani ya boksi, kivulini, umeandikwa kilo. Nikachukua vigurudumu viwili.