Miezi mitano na REAPER: kunyoosha midi bila kuiua ngoma

Studio yangu ni chumba kimoja tu hapa Chikongola, Mtwara, na wateja huja kwa wingi pesa za korosho zikishaingia. Nilihamia REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki kwenye kompyuta, kwa sababu ya bando: faili lake ni kama MB 15. Unaijaribu siku 60 na kila kitu kiko wazi, kisha leseni ya sisi wadogo ni dola 60. Aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye yule yule wa Winamp. Wa rika langu mnaikumbuka.

Kilichonifanya niandike ni dirisha lake la kuhariri midi, yaani maandishi ya noti zilizogongwa, si sauti yenyewe.

Mzee mmoja mpiga sindimba wa Mikindani alikuja kurekodi. Ngoma zenyewe hakuja nazo, basi nikampa padi nane za kibodi azigonge kwa vidole. Alizigonga vizuri mno. Alipoondoka nikafanya nilichozoea: nikachagua noti zote, nikabonyeza Q inayovuta noti kwenye mistari ya gridi, nguvu ya kuvuta asilimia 100, gridi ya moja ya kumi na sita, yaani kila pigo limegawanywa mara nne. Kesho yake akasikiliza, akacheka. "Mwanangu, hii ngoma au gwaride la Mei Mosi?"

Kosa lilikuwa langu, tena mara mbili. Kwanza, mapigo yake yalikwenda tatu-tatu, mimi nikayabana kwenye gridi ya nne-nne. Pili ni ile asilimia 100. REAPER huigawa robo noti, yaani pigo moja, katika vipande vidogo 960 viitwavyo tiki. Kwa tempo ya 100 kwa dakika, pigo lililochelewa tiki 32 limechelewa milisekunde 20, na kwa babu kuchelewa huko ndiko utamu wenyewe. Nikarudisha rekodi ya mwanzo, nikaweka gridi ya tripleti, yaani ya tatu-tatu, na nguvu asilimia 40. Pigo lile likabaki nyuma kwa tiki kama 19. Ngoma ikapumua.

Velositi, yaani ukali wa kila mgongo wa padi, sikuigusa kabisa. Inakwenda hadi 127, na mapigo yake ya chini chini yalikuwa kwenye 25 hivi. Ukiyapandisha yalingane na mengine, unabaki na mlio wa bati.

Kilichonitoa jasho ni padi moja ya hiyo kibodi, niliyoinunua mtumba: ukigonga mara moja inaandika noti mbili. Nilivuta karibu nikafuta zile za bandia moja moja, maana zilifuata pigo halisi kwa tiki chache tu. Saa nzima imeisha hivyo, na feni imezima kwa sababu umeme umekatika. Betri ya laptopu ndiyo iliyoniokoa.

Ukicheza sauti za ndani ya kompyuta huku unazisikiliza, shusha bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 1024, kwa sampuli 44100 kila sekunde, ni milisekunde 23 za kuchelewa, na mpigaji ataanza kukimbia mbele bila kujijua. Mimi natumia 128, chini ya milisekunde 3. Kompyuta ikianza kukwaruza, panda 256.

Upungufu upo. Haiji na sauti nyingi za ngoma wala vinanda, utatafuta mwenyewe. Menyu zake ni ndefu kama foleni ya mnadani, na wiki ya kwanza nilipotea humo. Kwa kazi za haraka haraka bado nina programu nyingine.

Babu alisikiliza toleo la pili mara mbili bila neno, akaniuliza kama flashi yake ya redio itasoma. Ilisoma.