Amiga yangu imerudi na mabaka: uzoefu wangu na fundi wa Malindi

Nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo nikiwa nazo. Fundi mmoja hapa Malindi mjini, anayejinadi kwamba anarudisha weupe wa plastiki zilizochakaa, ameniharibia kifuniko cha kompyuta yangu ya zamani, Amiga 500. Nampa nyota moja, na hiyo moja si yake. Nitaeleza ni ya nani.

Amiga 500 zilianza kuuzwa mwaka 1987. Hii yangu, marehemu ami aliachiwa na Mtaliano mmoja wa upande wa Casuarina alipofunga nyumba akarudi kwao. Inawaka, inasoma disketi zake, haina neno. Kasoro ilikuwa rangi tu: ile krimu yake ilishageuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

Manjano hiyo si uchafu. Sabuni haiitoi, na jiki ndiyo kabisa isisogezwe karibu. Plastiki yenyewe, ile iitwayo ABS, ndiyo inayogeuka kwa mwanga, joto na hewa, na wengi huilaumu bromini iliyotiwa humo ili isishike moto upesi. Tangu 2008 wapenzi wa kompyuta za zamani wana dawa yake: peroksaidi ya hidrojeni na miale ya urujuanimno. Peroksaidi ni ile ile ya saluni, krimu ya kuchanganyia rangi ya nywele, ile kali ya asilimia 12. Miale nayo inatoka kwenye jua, na jua la Malindi nani asiyelijua? Niliona kazi hii hapa kwetu haina pa kushindikana.

Sharti kubwa ni kwamba krimu isikauke. Ikikauka upande huu na upande ule bado mbichi, plastiki inatoka na mabaka meupe yenye michirizi. Ndiyo maana hufunikwa na nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, ikageuzwa mara kwa mara na kupakwa tena. Haya nilimweleza fundi kwa upole, nikamkabidhi na nailoni yenyewe, bunda zima, nimeinunua kwa pesa yangu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, krimu ya nywele nyinyi mnaijulia kichwani tu. Ya plastiki niachie mimi."

Nikanyamaza. Kazi yangu iko mikononi mwake, ningesema nini?

Nilipopita siku ya pili, jua la utosi, kifuniko kimelazwa juu ya bati, wazi, krimu imekauka ikafanya magamba. Bati la Malindi saa saba mchana linaunguza mkono, seuze plastiki ya miaka hiyo! Na bunda langu la nailoni liko wapi? Liko kwa mama wa viazi karai mlango wa pili, anafungia wateja. Fundi amempa. Simlaumu yule mama, hakujua ni la nani.

Kilipooshwa, mabaka yakajitokeza kuanzia kwenye matundu ya hewa hadi ukingoni. Namwonyesha, ananijibu bila haya, "Hiyo ndiyo rangi yake ya kiwandani." Kiwanda gani kinatoa kompyuta yenye mabaka?

Sasa haki isemwe. Vibonye vya kibodi alivifanya kijana wake mwanafunzi, na ile nyota moja ni ya huyo. Aliving'oa kimoja kimoja, akavilaza kwenye beseni la kioo lenye peroksaidi ya maji, vyote vimezama, na akawa anavikorogakoroga ili visishike mapovu. Vimetoka safi ajabu, hata kile kirefu cha nafasi, ambacho kilikuwa kimeiva manjano kuliko wenzake. Nilifurahi mpaka nikasahau ugomvi kidogo. Kwa hiyo kama una vibonye tu, au kipande kidogo kinachoenea beseni, pengine mpeleke, ila umwombe kijana.

Hapana. Nafuta hilo. Usimpelekee hata kibonye kimoja, maana huwezi kujua siku hiyo nani atakishika. Mtu anayegawa vifaa vya mteja kisha akamwambia mteja haoni vizuri, huyo si wa kuaminiwa na kitu cha marehemu.

Mabaka yenyewe huenda yakapungua nikikizamisha kifuniko chote, kwa usawa, kwenye beseni kubwa. Najua pia kwamba manjano hurudi hata mashine ikifungiwa kabatini, kwa hivyo kazi hii haiishi. Lakini itafanyika uani kwangu, na yule kijana amekubali kuja kusaidia Ijumaa baada ya swala. Malipo yake nitamtia mkononi mwenyewe.

Fundi bado ananipigia simu kudai salio la shilingi 1,000. Sitoi.